Cheka Nikuone

Kabla hujamaliza kumwamkia, Mzee wa Mfereji alikuwa ameshakushika kidevu. "Marahaba. Cheka nikuone." Alimwambia hivyo mchungaji, mtoto wa chekechea, hata bwana harusi mlangoni mwa kanisa. Ukikaza midomo alikutupia kichekesho, na vichekesho vyake vilikuwa vibovu kupita kiasi. Kimoja kilihusu mbuzi aliyetaka kupata kipaimara. Sijawahi kukisikia kikifika mwisho, kwa sababu mwenyewe alikatishwa na kicheko njiani. Basi ulicheka kwa kumhurumia, naye akishakuona akakuachia kidevu, akaokota panga lake na kuendelea na safari.

Kijijini kwetu, huku juu ya mji wa Usa River, kwenye miteremko ya Mlima Meru, watu walimchukulia kama mcheshi tu. Mimi pia nilimchukulia hivyo kwa miaka mingi, na katika yote niliyomkosea hilo ndilo dogo.

Kumbe alikuwa anasoma meno. Mlima wetu ulikuwa wa moto zamani, na maji mengi yanayotoka tumboni mwake yamebeba madini ya floraidi. Hayana ladha wala harufu. Mtoto akiyanywa miaka yake ya mwanzo, meno ya ukubwani yanaota na madoa ya kahawia. Akizidi kuyanywa, miguu nayo inaweza kupinda. Leo hata watoto wa shule wanakueleza haya bila kumeza mate. Wakati ule tulisema tu kwamba ndiyo meno ya kwetu, tukaishia hapo.

Mzee hakulijua neno floraidi. Alijua nyumba gani inachota wapi, basi. Wengi wetu tulichota kwenye mfereji au kwenye bomba la chini. Nyumba nne tu zilichota kwenye kijichemchemi kilichoko juu kabisa, chini ya msitu, ambacho ndoo yake ilichukua muda mrefu kujaa. Na watoto wa nyumba zile nne walikuwa na meno meupe.

"Wote saba weupe mdomoni," aliniambia siku moja juu ya familia mojawapo. "Baba yao ana meno kama yangu, lakini yeye alikulia huku chini. Alihamia juu ameshaota meno. Unanielewa?"

Nilimwambia namwelewa. Nilikuwa natazama simu.

Mfereji wenyewe aliusimamia tangu nikiwa mdogo. Alfajiri aliufuata kutoka kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, mpaka shamba la mwisho, amevaa mabuti ya mpira, moja jeusi, moja la kijani. Alijua zamu ya kila mtu bila kuandika popote. Ukiiba maji ya mwenzako, alikuja mwenyewe akaziba kwa gogo la mgomba na udongo, kisha akakaa juu ya gogo mpaka umalize kutukana. Kaka yake wa tumbo moja alinyang'anywa zamu mbili mfululizo na wakakaa msimu mzima bila kusalimiana. Lakini nilishawahi kumfuma yeye mwenyewe, mchana kweupe, akiyafungulia maji magimbi ya mkewe siku isiyo yake.

"Haya hayamo kwenye hesabu," alisema bila aibu. "Haya ni yale yanayomwagika."

Mambo yake mengi yalikuwa hivyo. Kahawa alilima lakini hakuinywa, alisema inamtia hasira, na hasira alikuwa nazo za kutosha. Alikuwa mzee wa kanisa, akaimba sauti ya nne kwenye kwaya ya wanaume, na mfereji ukibomoka alitoa matusi ya Kimeru ambayo mama yangu alituziba masikio tusiyasikie. Maji aliyatilia shaka usiku na mchana, ila makande yake lazima yaivishwe kwa magadi, na magadi yale yalitoka kule kule kwenye ardhi ya mlima. Miaka mingi baadaye, alipoambiwa kwamba magadi nayo yana madini yale yale, inasemekana aliuliza kama huyo aliyeyapima anaijua ladha ya makande.

Kilichomkosesha raha kilikuwa nyumbani kwake mwenyewe. Mwanawe alikuwa na watoto wawili, Anaeli, ambaye alikuwa binti mkubwa, na Eliya, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Meno ya Anaeli yalishaharibika. Kwa Eliya mzee aliona bado kuna muda. Alimtaka mkwewe aache maji ya bomba la chini na kumchotea mtoto kutoka chemchemi ya juu, mwendo wa kupanda nusu saa na ndoo kichwani. Mama Eliya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka.

"Baba," alimwambia mbele yetu, "siwezi kupanda kilima kila siku kwa ajili ya vichekesho vyako. Niletee mtu anayejua, aniambie ni kweli, nitapanda."

Basi mzee akaanza kumtafuta mtu anayejua. Alikwenda ofisi ya maji, akaambiwa asubiri zamu, na zamu alizielewa. Wakati akisubiri aliona wageni kutoka nchi za mbali wanapita mlangoni kwake kila wiki, na anayewaleta ni mimi.

Hapa inanibidi nijieleze, ingawa sijioni kama nina la kujitetea.

Nilisomea utalii Dar es Salaam. Wiki ya kwanza mwalimu alisema jambo la kuchekesha, nikacheka, na msichana wa kiti cha mbele akageuka. "We wa Arusha nini? Mbona meno yanajitaja?" Darasa likaangua kicheko. Sidhani alikuwa na nia mbaya, na nadhani alilisahau kabla ya kengele. Mimi tangu siku ile nikawa nacheka kwa pua. Nilirudi nyumbani na cheti na mkono ulioshazoea kufunika mdomo, nikaanzisha matembezi ya utamaduni: wageni wanatwanga kahawa kwenye kinu, wanakula ndizi, wanakwenda kwenye maporomoko, kisha wanakaa kwenye ukingo wa mfereji kumsikiliza mzee. Yeye anasema kwa Kiswahili, mimi natafsiri kwa Kiingereza.

Alichosema ni zamu za maji, ugomvi wake na kaka yake, na kwaya iliyobaki na watu wawili tu wa sauti ya nne. Nilichotafsiri ni kwamba mlima ni makao ya Mungu na mababu walipanda na kondoo mweusi kuomba mvua. Nilijua wageni wanapenda nini. Mzee aliona wanatikisa vichwa kwa heshima, akafurahi, akaongeza habari za kwaya.

Kila mara alimalizia na swali lile lile. "Waulize, huko kwao kuna mlima kama huu? Watoto wao meno yakoje? Na kama ni mabaya, wamefanyaje?"

Nami nilitafsiri: "Mzee anawatakia safari njema."

Sikuthubutu. Ningeuliza habari za meno, wageni wote wangeyatazama ya kwangu. Sababu ilikuwa hiyo peke yake, na nikiiandika hapa naiona ilivyo ndogo.

Kwenye picha nilifanya vibaya zaidi. Kamera zikitoka, mzee alifungua mdomo wazi kabisa, kwa makusudi. "Wapige, wakamwonyeshe mtu anayejua." Mimi niliwanong'oneza wageni kwamba kwa mila zetu mzee hapigwi picha meno yakionekana, ni kumvunjia heshima. Kwa adabu zao zote wakashusha kamera, wakasubiri afunge. Naye akasubiri wapige.

"Mbona hawapigi?"

"Mashine zao zimejaa, mzee."

Mila ile niliitunga papo hapo, tena nimesimama kwenye tope. Baadaye niliiona kwenye maoni ya wageni mtandaoni, wakiisifu. Waongozaji wengine wakaichukua. Juzijuzi kijana mmoja wa kutoka mjini alinieleza mimi, niliyezaliwa hatua chache kutoka kwenye mfereji ule, kwamba wazee wa Kimeru hawaonyeshi meno kwenye picha tangu enzi za mababu. Niliitikia kwa kichwa, nikamshukuru.

Sasa nifike kwa yule mama. Alikuja peke yake, akitaka nimpandishe Mlima Meru, mtu mzima, mwenye viatu vya mlimani vilivyochakaa kwelikweli. Alituambia ametoka pwani ya mbali, mahali ambapo mlima wa moto umesimama kando ya bahari na mchanga wa ufukweni ni mweusi kwa majivu. Nilipomtafsiria mzee hilo, na hilo nililitafsiri sawasawa, aliruka kutoka kwenye gogo lake.

"Mlima wa moto? Na watu wanaishi hapo chini? Wanakunywa nini? Muulize huyo! Huyo muulize vizuri." Alikimbilia ndani, akarudi amembeba Eliya, akamfungua mdomo kwa kidole amwonyeshe mgeni vijino vinne vya maziwa. "Mwambie huyu bado. Huyu bado hajaharibika."

Mama yule alinigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema," nilimjibu, "mlima wenu na mlima wetu ni ndugu, na kwa hiyo huyu mtoto ni mjukuu wako pia."

Machozi yalimlengalenga. Akamshika Eliya mkono, akaandika maneno yangu kwenye daftari. Mzee aliyaona machozi akadhani jibu ni baya. "Kasemaje? Kwao ni hivihivi?" Nikamwambia mgeni amechoka, atajibu akishuka mlimani.

Siku hiyo hiyo tulikwenda kwenye maziwa ya Momela, ndani ya hifadhi. Kwenye ukingo wa ziwa, heroe wale wekundu wakiwa wamesimama kwa mbali, alichuchumaa akachovya vidole majini, akavisugua. Alisema maji ya namna hii anayafahamu, kwamba kazi yake huko kwao ni kupima maji ya mlima, na kuna visima walivyovifunga kwa sababu ya meno na mifupa ya watoto. Akainua macho, yakatua mdomoni mwangu, kisha kwa upole akayapeleka kwa ndege.

Kutoka pale mpaka kwa mzee ni mwendo usiofika saa moja kwa gari. Nilisimama na funguo mkononi. Lakini ili nimpeleke ilibidi kwanza nikiri kwamba mlima kuwa ndugu, na mjukuu, na yale aliyoyaandika kwenye daftari, vyote vilikuwa vyangu. Nikasema twende, askari wa hifadhi anatusubiri.

Tulikaa naye mlimani siku nne. Siku ya kwanza tulikatiza uwanda wa nyati, askari na bunduki yake mbele, nikajiambia nitasema tukifika kambi ya kwanza, Miriakamba. Miriakamba nikajiambia nimwache kwanza alale. Kwenye kambi ya pili alikuwa na kichwa kinachouma. Kileleni jua lilituchomozea, kreta ikiwa chini yetu na kilima cha majivu katikati, yeye akakitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Mlima wako ni mzuri sana kuutazama. Kuunywa ndiyo sitaki." Nilicheka kwa pua. Nafasi ilikuwa hiyo, ameifungua mwenyewe, na mimi nikamwonyesha Kilimanjaro.

Aliniachia anwani yake, ikakaa kwenye simu yangu. Mzee aliniuliza mara tatu kama yule mama wa baharini ameshuka. Mara ya tatu nilimwambia aliondoka kwa haraka, alikuwa na msiba. Msiba! Mama wa watu mzima wa afya nikamzushia msiba.

Aliyenifichua ni Anaeli. Alikuwa ameanza chuo Makumira, na likizo moja akaja kukaa na babu yake kwenye mfereji wakati nimeleta wageni. Nilimwona, nikajua Kiingereza anakifahamu, na bado nikatafsiri kama kawaida, maana sikuwa na tafsiri nyingine. Alinitazama tu mpaka mwisho, na mimi nikawa natazama maji.

Wiki iliyofuata mzee alikaa kwenye gogo lake kama siku zote. Wageni wakajipanga duara. Aliponiona natoa pumzi kuanza, akasema, "Leo sina la kusema. Sema wewe." Akanyamaza. Alinyamaza kabisa, mikono magotini, anautazama mlima. Na mimi, Mungu anisamehe, niliwaambia wageni kwamba mzee anaomba. Waliinamisha vichwa vyao.

Hakuja tena. Nilimtafuta mzee mwingine mwenye ndevu, nikaendelea na kazi. Biashara ilikua, nikahamia mjini, nikafungua ofisi. Kwa mapato ya msimu mmoja mzuri nilikwenda kwa daktari wa meno akanivika meno meupe juu ya yale yangu, na picha yangu nikicheka nikaibandika ubavuni mwa gari.

Habari za kijijini nilizipata kwa mama. Anaeli alimleta mtu wa maabara na chupa, wakapima kila mahali. Chemchemi ya juu ilikuwa nzuri. Mfereji haufai, bomba la chini halifai kabisa. Ilikuwa vile vile mzee alivyokuwa anasema. Watu walichangishana wakavuta bomba kutoka juu mpaka njia panda. Mama Eliya alikuwa wa kwanza kubeba mabomba, alisema mama, na alikuwa analia, kwa sababu wakati huo Eliya alikuwa ameshaanza shule na magoti yake yalikuwa yameshatazamana.

Nilikaa mbali muda mrefu. Mwaka huu mama alinipigia akasema mzee macho yamefifia, nenda kamsalimie kabla hujachelewa. Nikanunua sukari na sabuni, nikaacha gari barabarani kwa sababu ya ile picha, nikapanda kwa miguu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na bomba jipya, shingoni skafu ya kijani. Watoto walikuja kuchota, na kila mmoja alipita kwanza kwake. "Cheka nikuone." Aliwavuta karibu sana sasa, pua kwa pua. Eliya, kijana wa darasa la tatu, alikaa kwenye jiwe kando yake. Miguu yake sikuitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mkono ukaja, ukapapasa hewani, ukanishika kidevu. "Cheka nikuone."

Nilicheka. Uso wake wote ukafunguka.

"Hee! Eliya, njoo uone. Mtu mzima na meno meupe namna hii! Wewe ni wa chemchemi ya juu. Usiniambie, wewe ni wa kule juu. Nyumba gani?"

Hata hapo nilisita. Nasema ukweli, nilikuwa nimeshachagua nyumba ya kumtajia. Kisha nikamwona Eliya ananitazama, na nikajua ananifahamu.

"Mzee, ni mimi. Yule wa wageni. Meno haya nimewekewa mjini."

Hakukiachia kidevu mara moja. Kidole gumba kilipita juu ya meno yale, jino kwa jino, kikarudi.

"Ni mazuri," alisema. Akavuta mkono, akaufuta kwenye shuka. Tulikaa. Ndoo ya mtu ilijaa ikaondolewa, ikawekwa nyingine.

"Yule mama wa mlima wa baharini," alisema baadaye. "Ulimwuliza?"

"Hapana, mzee."

"Angejua?"

"Angejua. Ilikuwa ndiyo kazi yake."

Alitikisa kichwa polepole, akageuka upande wa mlima ingawa sidhani kama bado anauona. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, niliyapanga njia nzima, na badala yake nikabaki naangalia ndoo ikijaa.

"Eliya," mzee aliita. "Huyu ametembea kwa miguu kutoka barabarani. Mletee maji ya kunywa."

Nilinyanyuka, nikasema nitachota mwenyewe. Mzee akanikalisha kwa mkono. Eliya alichukua kikombe, akaenda kwenye bomba. Ni hatua kumi, labda kumi na mbili. Alikwenda kwa kuyumba, goti likigonga goti, akasubiri zamu yake nyuma ya ndoo, akajaza mpaka juu, akarudi vile vile akijitahidi yasimwagike. Nilitazama safari yote. Akanipa kwa mikono miwili, akasimama mbele yangu kukisubiri kikombe, nami nikayanywa yote.